Gemu Imekufia Njiani? Anza na Dalili, Lawama Baadaye

Kwenye droo ya meza ya kibanda changu cha gemu, hapa Lindi mjini, nina memori kadi za PS2 (PlayStation 2), vile vikadi vinavyohifadhi mchezo ulipofikia, ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Nyingine zina miaka. Siku zisizo na wateja huzichomeka moja moja nione watu walifikia wapi. Sevu, yaani mchezo uliohifadhiwa, ya GTA San Andreas huonyesha jina la misheni ya mwisho uliyoimaliza, kwa hiyo ni kama kusoma tarehe kwenye tiketi ya zamani. Kilichonishangaza ni kwamba hazikuishia ovyo ovyo. Zimerundikana sehemu zilezile: misheni ya treni, videge vya mhusika aitwaye Zero, shule ya urubani. Za God of War ya mwaka 2005 zimelala kuzimu, chini ya nguzo yenye visu. Ni kama mabasi ya Dar yakikuta barabara imekatika Somanga. Yote yanakwama palepale, na kila abiria anadhani ni mkosi wake peke yake.

Ukimuuliza mwenye kadi atakwambia, "Mjomba, ile gemu ngumu." Jibu hilo silipokei hivihivi, kama fundi asivyopokea "simu mbovu" akaishia hapo. Huwa nauliza maswali kwa mpangilio: kwanza kifaa, halafu umeme, halafu lugha, halafu steji yenyewe, na mwisho nauliza lini aligusa pedi mara ya mwisho. Naanza na kifaa kwa sababu kinapimika kwa dakika kumi. Hilo swali la mwisho ndilo lenye majibu mengi kuliko yote, na nitalikalia zaidi.

Gemu inaganda, au video inakatakata

Inaganda palepale kila siku, au leo hapa kesho pale? Ikiwa ni palepale, tuhumu diski. Ielekeze kwenye mwanga utafute mchubuko, kisha ifute kwa kitambaa laini kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha unaweza kuongeza mkwaruzo mrefu unaofuata njia ya lenzi, na huo ndio inaoshindwa kuuruka. Ikiwa inaganda popote inapotaka, tuhumu lenzi au joto. PS4 inayonguruma kama mashine ya kusaga imejaa vumbi. Na sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi, inayokula vichomekeo taratibu. Usiifungie mashine kwenye kabati, na usiifunike kitambaa cha kufuma wakati inafanya kazi, hata kama mama kakipenda hapo.

Lenzi hubadilishwa, tatizo ni kusubiri. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya kuharibu barabara ya kwenda Dar, lenzi niliyoagiza Kariakoo ililala huko njiani. Ilipofika, kijana aliyekuwa akiisubiri alishahamia gemu za simu. Mashine ikapona, mchezaji hayupo. Kumbuka kisa hiki, nitakirudia.

Unabonyeza, anachelewa, au anatembea mwenyewe

Weka pedi mezani usiiguse. Mchezaji wako akianza kusogea kama anavutwa na upepo, au kamera ikizunguka taratibu, analogi, kile kijiti cha kidole gumba, imelika ndani. Kuna kijana alimtukana bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa steji, wiki nzima hapa kibandani, kumbe kila akikwepa kulia analogi inamrudisha kushoto. Tulimpa pedi nyingine, bosi akalala jaribio la tatu. Pedi ileile alikuwa anachezea mpira siku zote bila kulalamika, kwa sababu kwenye mpira ukipiga pasi mbovu unamlaumu mchezaji wa kwenye kioo.

Kuchelewa ni jambo lingine. TV za chogo zilikuwa zinatoa picha papo hapo. Flati nyingi huichakata picha kwanza ili ipendeze, na wakati inachakata wewe umeshapigwa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kwa gemu za kukinga upanga kwa wakati wake, mpangilio huo mmoja unatofautisha kushinda na kuitupa pedi.

Sevu imepotea

Hapa hakuna mjadala, moyo umevunjika. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika sevu, faili inaweza kuharibika. Usitegemee sevu moja: tumia nafasi mbili kwa zamu, leo ya kwanza, kesho ya pili, ili ikifa moja upoteze saa moja badala ya mwezi. Alama ya kusevu ikiwa inazunguka kwenye pembe ya kioo, mikono mbali na swichi. UPS ndogo, ile betri ya akiba, haikupi usiku mzima, inakupa dakika za kusevu na kuzima kwa adabu, na hizo ndizo unazozihitaji. PS4 ikigoma kuwaka vizuri baada ya umeme kukatika, iwashe katika hali salama uchague kujenga upya hifadhidata. Hatua hiyo haifuti gemu zako.

Kibandani kuna mwizi mwingine wa sevu: mteja aliyekuja baada yako. Mnalipia saa, mnatumia mashine moja, naye anasevu juu ya yako bila nia mbaya. PS4 ina dawa, kila mtu afungue jina lake na sevu zake zitakaa peke yake. Kwa PS2, njoo na memori kadi yako. Ina MB 8, inatosha gemu kadhaa, na inaingia mfukoni. Ndiyo maana droo yangu imejaa, watu walikuja nazo wakazisahau.

Hujui unaambiwa ufanye nini

Chanzo hiki hakisemwi kwa sababu kinatia aibu, nami sitaki kikupite. Chukua Driver ya PS1, iliyotoka 1999. Kabla hujaingia mjini unafungiwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi na kupewa orodha ya mbinu za udereva uzionyeshe ndani ya sekunde 60. Ni maarufu dunia nzima kwa kuwashinda watu mlangoni. Lakini hapa kwetu ilikuwa na kufuli la pili: orodha ile ni ya Kiingereza, tena si cha darasani. Kulikuwa na neno *slalom*. Hakuna mtu mtaani aliyelijua. Tulizunguka, tukapiga breki, tukachoma matairi mpaka sekunde zikaisha, na neno lile limebaki halijawekewa alama. Maana yake ni kupita katikati ya zile nguzo kwa kupinda huku na huku, kama bodaboda anavyokwepa mashimo. Kitu ambacho kila dereva wa Lindi anakifanya kila siku!

Kwa hiyo ukiona mtu kaacha gemu ya mafumbo, au ile inayokutaka usome barua ukutani ili ujue namba ya mlango, usimwambie hana subira. Muulize anasomaje. Dawa za lugha ni tatu ninazozijua. Washa maandishi ya chini ya video ili maneno yasikupite. Yapige picha kwa simu uyatafsiri ukiwa umetulia. Na iliyo bora kuliko zote, cheza na mtu aliyesoma zaidi yako, yeye anasoma wewe unapigana. Wadogo zangu wawili walimaliza gemu nzima hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaiweza peke yake.

Steji moja imekukalia kooni

Sasa tumefika kwenye "gemu ngumu". Kabla hujashindana nayo, uliza: hii steji ni ya lazima?

Misheni za videge vya Zero kwenye San Andreas zinachosha kweli. Kandege kana mafuta ya kuhesabu na maadui wametawanyika mji mzima. Lakini si za lazima. Hadithi inaendelea bila hizo. Kuna watu wameacha gemu nzima kwa ajili ya misheni ambayo hakuna aliyewalazimisha kuifanya. Shule ya urubani ni ya lazima, ina masomo kumi, ila hapo pia watu wanajiongezea mzigo kwa kutafuta dhahabu wakati shaba inatosha kupita. Na ndege haipindi kwa analogi tu. L2 na R2 zinageuza mkia, ndizo zinazoinyoosha bila kuilaza ubavu. Treni je? Usiifuate kwa nyuma na pikipiki yako. Kaa ubavuni ukiacha nafasi, maana anayepiga risasi ni mwenzako Big Smoke aliyekaa nyuma yako, na ukikaa vibaya anapiga mabati.

Ikiwa ni ya lazima, uliza la pili: nimekuja hapa mapema mno? Elden Ring ya 2022 inakuonyesha njia inayong'aa kuelekea ngome, na kwenye daraja anakusubiri bosi aitwaye Margit. Wengi wameishia kwake wakidhani ndiyo kazi ya kwanza. Geuka urudi kusini, kuna rasi nzima ya kujijenga nguvu. Hata Margit mwenyewe unaweza kumpita, kuna kijia pembeni ya ngome kinachokupeleka upande wa pili. Wazee wa pwani hawakatizi mkondo ukiwa mkali, husubiri maji yageuke.

La tatu ni la kiburi: kuna msaada umeukataa? God of War ya kwanza ukifa mara nyingi inakuuliza kama unataka kushusha ugumu. Vijana wanabonyeza "hapana" kwa hasira. Bonyeza "ndiyo", hakuna anayekuona. Ila ujue msaada huo unapunguza makali ya mapigano tu. Nguzo ya visu kuzimu itabaki vilevile, kwa sababu pale hupigani na mtu, unapanda kwa kuhesabu mzunguko. Simama, tazama visu vikizunguka mara mbili bila kusogea, ndipo upande. Resident Evil 4 nayo ya 2005 ina huruma ya kimyakimya. Ukifa sana inalegeza yenyewe bila kukutangaza. Celeste ya 2018 imeweka wazi kabisa hali ya msaada ambapo unaweza hata kupunguza mwendo wa gemu. Upande mwingine kuna Sekiro ya 2019, haina kitufe cha kurahisisha. Ile ukiona mkono haukubali, si kosa kuirudisha kwenye kasha lake.

Si ngumu, ila haiishi

Red Dead Redemption 2 ilitoka 2018, kwenye PS4 inakuja na diski mbili, na hadithi kuu peke yake inakula kama saa 50. Kwangu saa ni buku. Piga hesabu, ni elfu hamsini kumjua Arthur Morgan, mhusika mkuu, mpaka mwisho, bila kuvua samaki hata mmoja. Na inaanza kwenye theluji, polepole, watu wanaburuta miguu, kijana aliyekuja na jero yake anamaliza nusu saa hajapiga risasi ya maana. Anahitimisha kuwa gemu haina ladha. Muda aliolipia na mwendo wa gemu havikuendana, basi.

Ushauri wangu kwa gemu ndefu ni mfupi: usiifanye ya kibandani. Azima mashine wikiendi, au chezeni wawili mkigawana gharama, mmoja akishika pedi mwingine anaangalia kama tamthilia. Na acha kuokota kila kinachong'aa kwenye ramani. The Witcher 3 imejaa alama za kuuliza, ukizifuata zote utasahau kwamba ulikuwa unamtafuta binti yako.

Ulipumzika kidogo, sasa hata kuiwasha hutaki

Hili ndilo swali langu la mwisho, na humo ndimo nilimokuta wengi. Nimewauliza wenye kadi waliowahi kurudi: uliacha siku ile uliposhindwa? Karibu wote walisema hapana. Siku waliyoshindwa waliondoka wakiapa kurudi kesho. Kesho ikaja na jambo lake. Kilichowaacha nje ni siku ya kurudi, walipokaa, wakashika pedi, wakakuta vidole havijui kitu na kioo kinawatazama kama mgeni.

Hapa kusini mapumziko hayo yana msimu. Korosho zikianza kudondoka, kuanzia mwezi wa tisa hivi, kibanda kinapungua watu. Vijana wamekwenda mashambani Ruangwa, Nachingwea, Mtama, wanaokota na kubangua maisha. Baada ya minada wanarudi na hela kuliko walivyoondoka nayo, na bado sevu zao zinabaki zimelala. Hela ya kulipia saa kumi anayo. Anachokosa ni ule uzi. Alikuwa anakwenda wapi? Kwa nini ana funguo mbili? Kitufe cha kukinga ni kipi? Na gemu nyingi zilizokusubiri kwa miezi mitatu hazijali, zinakufungulia palepale ulipoziacha, mbele ya bosi, damu ikiwa robo, risasi tatu. Unakufa mara tano kwa dakika sita. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno, "gemu ngumu."

Yule wa lenzi ya Kariakoo alikuwa hivyo. Gemu yake haikuwa imemshinda. Wiki zile za kusubiri ndizo zilizomtoa.

Dawa nimeijaribu kwa watu na kwangu mwenyewe. Siku ya kurudi, usimguse bosi. Toka, rudi nyuma kwenye eneo la wazi au la maadui wepesi, zurura nusu saa bila lengo. Vidole vina kumbukumbu yake, vinahitaji tu mahali pasipo aibu pa kukumbuka. Kama gemu haikuruhusu kutoka, anzisha mchezo mpya kwenye nafasi nyingine ya sevu, cheza sehemu ya mafunzo tu, kisha urudi kwenye yako. Hadithi uliyoisahau itafute kwenye orodha ya misheni ndani ya gemu, au mtu akusimulie.

Lakini dawa bora hunywewa kabla ya ugonjwa. Nina daftari kaunta. Mtu akiaga kwa safari au shamba namwambia aandike mistari mitatu: yuko wapi, anakwenda wapi, vitufe gani vinamsumbua. Mmoja aliandika hivi: "Red Dead. Tumehamia kambi mpya. Nenda kwenye herufi D kwenye ramani, ni Dutch. L1 shikilia, silaha zinatokea." Alikuwa anatoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba, anacheza huku anachungulia saa ya kivuko. Alipotea msimu mzima. Aliporudi alisoma karatasi yake, akacheka mwandiko wake, akapanda farasi akazunguka dakika ishirini bila kufanya chochote, akaaga awahi kivuko. Nikasema huyu hayuko tena. Kesho yake alikuwa mlangoni kabla sijafungua.

Wengi huuliza kama waanze upya. Kama ulikuwa umecheza saa tatu au nne, sawa, anza. Zaidi ya hapo nakukataza. Unarudia mwanzo unaoujua, unafika kwenye kona ileile ukiwa umechoka zaidi ya mara ya kwanza, unaiacha tena. Kuna kadi moja humu ina sevu tatu za mtu mmoja, zote zimekufa kabla ya treni.

Gemu haina mwisho, au imeondolewa

Usijilaumu kwa kutomaliza mpira wala Free Fire, hakuna mstari wa mwisho pale. Na kuna gemu zinazokuacha wewe: The Crew ya 2014 ilihitaji seva za kampuni hata ukicheza peke yako, na seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024 diski ikabaki sahani. Kabla ya kununua gemu, uliza kama inacheza bila intaneti.

Umefika mlangoni kwa bosi wa mwisho, unazungukazunguka

Dalili ya ajabu, lakini ipo. Breath of the Wild ya 2017 inakuruhusu kwenda kwenye kasri la mwisho tangu mapema, na kuna watu wana mamia ya saa humo hawajaligusa. Wanapika, wanapanda milima, wanafuga farasi. Nilidhani ni woga mpaka nilipojikuta nami nafanya hivyohivyo. Ukiingia mlango ule, dunia ile unaifunga. Kama ni hilo, sina dawa na sidhani unaihitaji. Tenga sevu kabla ya mlango, ingia siku ukitaka, baadaye irudie uendelee kuvua samaki.

Kadi zangu ziko droo ya pili, upande wa chaja. Moja imeandikwa X kwa wino mwekundu, nimeifungua: amebakiza masomo mawili ya urubani. Mwenyewe akija akaitambua, saa ya kwanza halipi, na namwachia ile pedi isiyovuta kushoto.